Wimbo Tuliomnyima Mfiwa

"Kwani mnajua wimbo huu ulitungwa kwa nini?" Mzee mmoja alituuliza hivyo sisi wanakamati wa mazishi, mtaani Merrylands huku ughaibuni, akiomba wimbo wa kantri wa zamani upigwe kwenye mazishi ya mkewe. Mimi nikadakia: "Mzee, hizo ni za wazungu na farasi wao. Mama alikuwa nesi, Mkenya!" Kamati ikanipigia makofi. Mzee akakunja karatasi aliyoandikia maneno ya wimbo, akaitia mfukoni.

Tulipokwisha kuzika, akaniambia taratibu: "Aliyeutunga alikuwa safarini mkewe akikata roho. Mimi nami nilikuwa kwenye zamu ya kazi, ghalani kule Wetherill Park. Nilitaka kumwomba mama msamaha kwa wimbo huo, binti yangu."

Sisi wanafunzi, chuoni tunafunzwa kushinda hoja, na siku ile nilishinda vizuri sana. Wasomaji, mkikaa kupanga mazishi, tafadhali msikilizeni mfiwa kwanza.