Chupa ya Mama Kabula

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, vumbi la Kahama limetanda hata jua lenyewe linaonekana limejifunika kitambaa, mama mmoja akaingia kliniki na chupa tupu mkononi. Mwanangu, kesho unavaa sare ya uuguzi kwa mara ya kwanza. Kaa hapa kibarazani kwangu Kalangalala nikusimulie habari ya chupa hiyo, maana tangu nistaafu hunijia kila nikisinzia. Naiona imeoshwa, inang'aa, haina kitu ndani.

Wakati huo nilikuwa muuguzi kijana, miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Walikuwa wamekuja wataalamu wa ubongo, wanatafuta chanzo cha usonji: kwa nini mtoto anazaliwa salama, anakua vizuri, lakini maneno hayaji, na ukimwita hageuki. Walikuwa na kofia laini yenye nyaya nyingi. Mtoto akivalishwa, mashine inachora mistari ya umeme mdogo wa ubongo wake, inapanda na kushuka polepole. Niliweza kuitazama mistari ile mpaka nikasahau chakula. Nikaota kwamba siku moja nitapelekwa kusoma, nirudi naielewa kama mtu anavyoielewa barua ya ndugu yake.

Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza akina mama na kuomba ridhaa yao. Wengi walikubali, ila Mama Kabula wa Nyasubi alisita. Binti yake alikuwa na miaka sita na hajasema neno. Alipenda maji na mwanga tu. Mpe kikombe cha maji juani, hutamsikia mpaka jioni.

"Mtamtoa nini kichwani?" mama yake aliniuliza.

Usimcheke. Huku kwetu watu wameshasikia mabaya mengi kuhusu miili ya watoto. Nilipaswa kuketi nimweleze taratibu kwamba utafiti ni kutafuta, na anayetafuta huenda asipate. Lakini nilitaka wale wataalamu waone kwamba kazi naiweza. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikamwambia, "Hatutoi kitu, mama. Tukishajua kilichomo kwenye ubongo wake, utapata dawa." Akaweka dole gumba kwenye fomu.

Mwezi uliofuata ndipo alipokuja na ile chupa. Nyie wa siku hizi hamjui, lakini zamani ukifuata dawa ya maji ulikwenda na chupa yako kutoka nyumbani. Yake ilikuwa ya kioo, imesuguliwa kwa mchanga, imezibwa kwa kipande cha gunzi. "Bado, mama," nikasema. Mwezi mwingine, bado. Aliifunga kwenye kanga na kuondoka bila kulalamika, na mimi najifanya natafuta kadi. Niliona aibu, ndiyo, lakini aibu ndogo, ile inayoisha ukinywa chai.

Mwaka ukapita hivyo. Ndipo shule moja ya msingi mjini ikafungua darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, na mwalimu akamwekea Kabula nafasi ya mwisho. Mama yake akaikataa. Matroni wetu, Mama Nkwimba, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata kwenye chumba cha kujifungulia, akaniita ofisini.

"Mama Kabula hataki shule," akasema. "Anauliza ampeleke mtoto darasa lile la nini, wakati dawa iko njiani. Nani kamwambia dawa iko njiani?"

Nikainamisha kichwa.

"Ng'wanone, mwanangu, ile chupa umeijaza uongo. Jumatatu nafasi anapewa mtoto mwingine. Nenda kaumwage."

Ningependa angenitukana.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Njia ya Nyasubi naijua, lakini siku hiyo ilikuwa ndefu, na mwanga ulikuwa mweupe kiasi kwamba nyumba zilionekana zinaelea. Nilimkuta Mama Kabula anachambua choroko. Chupa ilikuwa dirishani inakauka, jua linapita ndani yake, na Kabula amechuchumaa anautazama mwanga ulioangukia sakafuni.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, na kabla sijakaa nikasema, "Hakuna dawa. Wale wanatafuta chanzo tu, na hawajakijua. Nilikudanganya ili uweke dole."

Hakulia. Aliendelea kuchambua, punje moja moja. Mwishowe akasema, "Mwaka mzima naosha chupa."

Mimi ndiye niliyelia. Akaniacha nilie, kisha akasukuma ungo pembeni.

"Basi niambie kitu kimoja, na usinidanganye tena. Nilikuwa naponda mawe machimboni Geita nikiwa na mimba yake. Mama mkwe anasema ile nyundo ndiyo iliyomvuruga mtoto. Ni mimi?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipomwelewa. Dawa aliitaka, lakini swali hilo ndilo lililomleta kliniki kila mwezi, na mimi kwa haraka zangu sikuwahi kumwachia nafasi ya kuliuliza. Nilitamani kumdanganya tena, safari hii kwa huruma. Nikajizuia.

"Sijui ilivyokuwa kwa Kabula," nikasema. "Wataalamu wanasema sababu ni nyingi, na nyingi zinaanzia tumboni, ubongo unapojijenga, pasipo mtu kuona. Lakini sijamsikia hata mmoja akisema ni adhabu, wala kwamba mama ndiye wa kulaumiwa."

Akauvuta tena ungo. "Afadhali wewe usiyejua," akasema. "Humu ndani kila mtu anajua."

Jumatatu nikiwahi kazini nikawaona barabarani, mama na binti, na chupa iko mikononi mwa Kabula. Nikadhani hakunielewa, bado anaifuata dawa. Nilipokaribia nikaona imejaa.

"Maji tu," Mama Kabula akasema. "Ya kunywa shuleni."

Kabula akaiinua juani, akatazama ndani ya maji, akacheka.

Nilisoma baadaye, mwanangu, na miaka mingi nimewashikia watafiti kofia ile ya nyaya. Wamejua mengi, na mengi bado wanayatafuta. Nenda ukawasaidie kutafuta. Lakini mama akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, kisha usiondoke. Kaa naye mpaka aulize lile lililomleta. Ahadi ni deni, na kwa mgonjwa usiitoe kwa ajili ya sifa zako.

Mungu akupe mikono mitulivu na ulimi usioutangulia moyo. Na atakayekujia na chupa tupu, Mungu asikuache uijaze upepo.