Fundi Asiyefungamana na Upande Wowote

Mara ya kwanza Isidori Masatu kunisemesha, hakuniuliza nimetoka wapi wala kama nimeolewa. Aliniuliza kama Warusi na Wachina wameshaanza kusalimiana.

Ilikuwa Februari 1984. Nilikuwa nimetoka chuo wiki ile ile, mwalimu mpya katika kijiji cha ufukweni upande wa Majita, na jioni hiyo nilikaa nje ya nyumba ya walimu nikisikiliza taarifa ya habari. Yeye alikuwa anapita. Akaegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wangu bila kuomba, akatega sikio kwenye redio. Alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini na kitu, ovaroli yake imefuliwa mpaka imesahau ilikuwa rangi gani.

"Sijasikia kama wamepatana," nikamjibu. "Kwani mzee, una ndugu huko?"

"Nina bolti," akasema.

Nilidhani ana matatizo ya akili. Kesho yake baada ya vipindi akanichukua mpaka ziwani, akafungua mlango wa kibanda cha mawe, akanionyesha mke wake wa pili. Ndivyo kijiji kizima kilivyoiita ile pampu. Injini yake ilifungwa na Waingereza mwaka 1955 ili kusukuma maji kutoka ziwani hadi kwenye tangi la mlimani, zilipokuwa shule na zahanati. Isidori aliajiriwa mwaka huo huo kuifuta vumbi. Mhandisi wa Kiingereza aliona jina Isidori ni refu, kwa hiyo kwa miaka sita alimwita Sidi.

"Na wewe ulimwitaje?" nikauliza.

"Bwana. Lakini rohoni nilimwitaga Spana, kwa sababu alikuwa na kichwa kipana huku na chembamba huku."

Uhuru ulipokuja Spana alirudi kwao. Bendera ikabadilika, wimbo ukabadilika, ila injini ilibaki na vipimo vyake vya inchi. Hapo ndipo palipokuwa na shida yote. Bolti ya inchi ilitoka kwa Waingereza tu. Mataifa mengine karibu yote yalitumia milimita, na milimita haingii kwenye tundu la inchi hata ukiibembeleza.

Desemba 1965 serikali yetu ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia. Isidori aliuunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Alikwenda kwenye mkutano wa hadhara, akapiga makofi mpaka viganja vikauma, kisha akashuka ziwani kuangalia akiba yake ya bolti za Kiingereza. Zilikuwa kumi na moja. Mwaka ule ule Wajerumani wa magharibi walinuna kwa sababu Wajerumani wa mashariki walikuwa wamefungua ofisi Unguja, na mkanda wa ile injini ulikuwa umetoka kwa hao walionuna.

Basi akajifunza kufuatilia dunia. Wachina walipokuja kwa wingi akapata mabomba yao. Kutoka kwa Wajerumani wa mashariki akapata geji ya kupimia presha. Vita ya Uganda ilipoisha, fundi mmoja wa jeshi alimwachia chujio la Kirusi, yeye akampa sato wawili waliokaushwa. Alitoboa upya, akachonga, akalazimisha. Kila kipande cha injini ile kilikuwa kumbukumbu ya siku fulani wakubwa walipogombana au walipopatana, na yeye aliweza kuzitaja zote, kidole kikipita kutoka nati hadi nati.

"Mimi ni fundi nisiyefungamana na upande wowote," aliniambia akijifuta mikono. "Kama serikali."

Lakini siku aliponionyesha, injini ilikuwa imekufa. Nozeli ya kurushia mafuta ilikuwa imekwisha, gasketi ya kuzuia mvujo imeungua, mkanda umekatika, bolti mbili zimekatikia ndani. Wakati huo hata sabuni ya kufulia ilikuwa ya kupangia foleni, sembuse nozeli. Isidori alikwenda Musoma mara tatu kwa baiskeli, na mara zote tatu aliambiwa kwamba hakuna fedha za kigeni. Kina mama wakarudi kuchota ziwani. Mke wake halisi, Esta, alipandisha mlima na ndoo mara nne kwa siku, akipita mbele ya kibanda cha pampu bila kusema neno, na ule ukimya ulimchoma mumewe kuliko matusi.

Jumapili moja baada ya misa alikuja kwangu na daftari jipya.

"Mwalimu, Kiingereza chako kikoje?"

"Cha kufundishia darasa la tano."

"Kinatosha. Tunaandika barua. Tunaandikia balozi."

"Ubalozi upi?"

"Zote."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavuta kigoda, akaanza kunitajia maneno kutoka kichwani mwake, nami nikiandika. Kwa Warusi tuliandika kwamba kijiji cha wakulima na wavuvi kina pampu iliyoachwa na wakoloni, na kwamba kwa masikitiko makubwa Wachina wanaelekea kuichukua na kuiita ya kwao. Kwa Wachina tuliandika kwamba mabomba yao mazuri yangali yamesimama, lakini Warusi wametutembelea kwa macho.

"Mzee, Warusi hawajafika hapa."

"Sijasema kwa miguu. Nimesema kwa macho. Huwezi kujua wanatazama wapi."

Kwa Waingereza barua ilikuwa na heshima zaidi. Tulieleza kwamba injini yao, kazi ya mikono ya Waingereza, iko karibu kuvuliwa kibao chake na kuvishwa kingine chenye maandishi ambayo hakuna mtu kijijini anayeweza kuyasoma. Nikauliza kama tuandikie na Wajerumani. Akafikiri. "Hao wako wawili. Tukikosea anwani tutaleta balaa." Tukawaacha.

Barua zilipostiwa Musoma. Wiki tatu baadaye Isidori akaitwa ofisi ya usalama mjini, na mimi pamoja naye, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu. Ofisa aliyetuita aliitwa Matiko, kijana mnene wa miwani, na mbele yake zilikuwepo nakala za barua zetu, zilizonakiliwa posta kabla ya kutumwa. Nilishaona kazi yangu imekwisha kabla ya mshahara wa tatu.

"Nani amewapa ruhusa ya kuandikia nchi za nje?" Matiko akauliza.

"Afande, sikuandikia nchi," Isidori akajibu. "Niliandikia bolti."

"Unajua hii ni siasa ya kimataifa? Unayagonganisha mataifa makubwa!"

"Hao waligongana zamani, afande. Mimi nimepita katikati tu na ndoo yangu."

Matiko akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilimwona akikaza mdomo ili kicheko kisimponyoke. Akatusomea onyo refu la mdomo, akasema tukirudia tutajua kilichomnyoa kanga manyoya. Tulipokuwa tunatoka akatufuata mpaka uwanjani, kwenye gari ya ofisi iliyokuwa imewekwa juu ya matofali.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "hii nayo ni ya inchi. Imelala tangu mwaka jana. Ukijibiwa huko, usinisahau."

Isidori akainama, akatazama chini ya gari kwa muda mrefu kama daktari, akaahidi.

Warusi ndio waliotangulia. Mmoja tu, mshauri wa kilimo aliyekuwa anapita kuelekea Bunda kuangalia pamba, mtu mkubwa mwenye uso mwekundu na Kiswahili cha redioni. Alileta mkanda na boksi la bolti. Kabla hajafika, Isidori alikuwa ameyafunika mabomba ya Wachina kwa matete. Esta alimpikia ugali wa muhogo na sangara, mgeni akala kama mtu aliyetoka jela, akapiga picha moja na injini, akaondoka.

Mchina alikuja mwezi uliofuata, fundi mkimya mwenye kofia. Yeye alileta karatasi ya gasketi na vipande vinne vya bomba. Safari hii matete yalihamishwa, na bolti za Kirusi zikavikwa gunia. Lakini mgeni aliuona mkanda mpya, akaugusa.

"Huu umetoka wapi?"

"Ni wa zamani," Isidori akasema. "Tunautunzaga vizuri."

Mchina akamtazama, akautazama mkanda uliokuwa bado na harufu ya dukani, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akavua koti, akaikata gasketi mwenyewe kwa mkasi, akaikaza mahali pake. Nafikiri alikuwa fundi kwanza.

Sasa ilibaki nozeli, na nozeli ilikuwa lazima itoke kwa Waingereza. Wao walichukua mwaka mzima. Mwishowe akaja mzee mmoja mrefu, mhandisi mstaafu, na kijana wa ubalozi aliyeogopa mbu. Isidori alikuwa amekipiga brasso kile kibao cha Kiingereza mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Vingine vyote vilifunikwa, na injini ilionekana kama bibi harusi. Esta, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani, akanong'ona, "Wewe unagombanisha mataifa, mimi nabeba maji. Huyu akiondoka bila kutoa kitu, utapika mwenyewe."

Mzee Mwingereza hakutazama kibao. Alipiga magoti, akafunua matete kama mtu anayefunua sufuria ya jirani, akaanza kusoma injini kwa vidole. Akaona bomba. Akaona gasketi. Akavuta gunia, akaivisha miwani pua yake na kusogelea bolti moja. Nilikuwa mkalimani, na nilitamani kuwa mahali pengine.

"Mwambie," akaniambia, "kwamba injini yangu inazungumza Kirusi."

Nikatafsiri. Isidori hakubabaika.

"Mwambie ililazimika kujifunza. Walipoondoka haikuwa na mtu wa kuongea naye."

Nilipoitafsiri hiyo nilifumba macho. Nilipofumbua, yule mzee alikuwa bado amepiga magoti, mabega yanamtikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, cheko lisilo na sauti, mpaka akashika gurudumu asianguke. Kisha akauliza jina la fundi. Nikasema, Isidori Masatu. Akalirudia lote mara mbili, bila kulikata. Isidori akageuka ghafla akawa anatafuta kitambaa ambacho kilikuwa mkononi mwake.

Nozeli ilikuja kwa posta baada ya miezi miwili, mbili badala ya moja, na bolti za inchi za kumtosha Matiko pia. Siku maji yalipofika tangini, watoto walikimbia na sahani kukinga maji, na Esta aliweka ndoo chini ya bomba, akaijaza, akaimwaga miguuni mwa mumewe, kisha akaijaza tena. Sikuwahi kumwona akicheka kama siku ile.

Tulikula matunda ya ugomvi wa wakubwa miaka mitano. Kila kitu kilipokwisha tuliandika barua, na mara nyingi tulipata. Halafu, kati ya 1989 na 1991, barua zikaacha kujibiwa. Siku moja nilipokea bahasha yetu wenyewe imerudishwa, imegongwa mhuri kwamba mpokeaji hayupo. Nikampelekea. Tulikuwa tumesikia redioni kwamba Wajerumani wamekuwa nchi moja, Wachina na Warusi wameshapeana mikono, na Warusi wenyewe wanagawana vyombo. Isidori aliigeuza bahasha huku na huku.

"Wamepatana," akasema. Sijawahi kumwona ameshuka mabega namna ile. "Sasa sisi tutagombanisha nani?"

Kumbe hatukuhitaji kugombanisha tena, bali kununua. Maduka ya vipuri yalifunguka mjini, eneo la Nyakato, kama uyoga, na ndani yake kulikuwa na bolti za inchi na za milimita zimelala ndani ya kopo moja, kutoka India, kutoka Dubai, kutoka mahali hata muuzaji hapajui. Mara ya kwanza kuingia kwenye duka mojawapo Isidori alisimama katikati, mikono nyuma, akizungusha macho kama mtu aliyeingia kanisa la dhehebu jingine. "Miaka thelathini," akanong'ona. "Kumbe zilikuwepo."

Mwaka 1994 wafadhili walikuja kwa pamoja, safari hii mataifa manne ndani ya gari moja, wakicheka na kupeana maji ya chupa. Walileta pampu mpya na masharti: maji yalipiwe, na iundwe kamati ambayo nusu yake ni wanawake. Kijiji kikapiga kura. Isidori aligombea uenyekiti, akajieleza kwa nusu saa, akitaja nchi tisa. Esta alisimama akasema, "Nimebeba ndoo miaka mingi, njia naijua," akakaa. Akashinda kwa kura nyingi sana, na nina hakika moja ilikuwa ya mumewe, ingawa anakana mpaka leo.

Injini ya zamani ilizimwa. Yeye akapewa mbuzi na cheti, akanuna siku mbili, kisha akalima vitunguu nyuma ya tangi. Vitunguu vyake vilinenepa kuliko vya watu wengine wote na hakuna aliyejua siri, hadi mwenyekiti alipokwenda mwenyewe kukagua asubuhi moja na kukuta kipande cha bomba la Kichina kimefukiwa ardhini, kinavuja kwa ustadi mkubwa.

"Mama Werema," Isidori akaanza, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, kwa sauti ile aliyoitumia kwa Matiko, "hilo bomba ni la kihistoria."

"Na faini yake ni ya kisasa," Esta akasema.

Alimfungia maji wiki nzima. Wiki hiyo nilimwona Isidori akipandisha mlima kutoka ziwani na ndoo mbili, akipita mbele ya ofisi ya kamati huku akipiga mluzi kwa nguvu, na Esta amekaa ndani, ameinamia daftari la wateja, anajizuia kucheka.