Tulidhani subculture ni watu wa benchi: kengele za baiskeli za Mtinko

Wakuu, habari za jioni. Mnisamehe kwa makosa ya kuandika. Shule niliishia la saba, na simu yangu kioo kimepasuka, hivyo naandika polepole. Ila haya yamenipata mwenyewe.

Kwetu Mtinko, kabla bodaboda hazijajaa, vijana tuliopeleka kuku mnadani kwa baiskeli tulikuwa na mtindo wetu. Maua ya plastiki kwenye usukani, vioo, na kipira chenye maandishi kwenye madigadi ya nyuma.

Salamu yetu ilikuwa kengele. Mbili za haraka, kimya kidogo, kisha moja.

Ukikutana na mzee unashuka, unatoa shikamoo kama kawaida. Kengele ilikuwa ya sisi kwa sisi.

Mimi nina aibu ya kuongea. Kengele ilinisemea.

Siku moja Neema, binti wa chuo aliyekuja kumsalimia shangazi yake, alituangalia akasema sisi ni subculture.

Jumanne, fundi wetu wa mapambo, alinuna. Yeye alisikia "sabu", na kwenye mpira sabu ni yule anayesubiri benchi.

"Kwa hiyo dada, sisi ni utamaduni wa benchi?"

Neema alicheka mpaka akakalia tenga, kuku wakapiga kelele.

"Hapana, kaka. Wazee mnawaamkia kama watu wote wa hapa, ila wenyewe kwa wenyewe mna kengele yenu. Utamaduni mdogo ndani ya mkubwa."

Kesho yake kipira cha Jumanne kilisomeka SABU KALCHA. Tukajisikia watu.

Kisha pikipiki zikaja. Wenzangu wakahamia huko mmoja mmoja, Jumanne naye akaenda Singida mjini. Nikawa napiga kengele, hakuna wa kujibu.

Mnadani wakanitania kwamba sasa mimi ndiye sabu kweli, timu imeshatoka uwanjani.

Niliumia, wakuu. Jumamosi iliyopita nilibeba spana ili niifungue kengele. Nati nilishailegeza.

Pikipiki ikanipita. Nikapiga kwa mazoea tu.

Honi ikajibu. Mbili za haraka, kimya kidogo, kisha moja.

Nyuma yake kile kipira cha SABU KALCHA kimefungwa kwa waya. Jumanne hakusimama, alikuwa na abiria.

Nati nimeikaza.

Nimejifunza kwamba chombo kinaweza kubadilika na kikundi kikabaki, mradi salamu ina wa kuijibu.

Kwenu mlikuwa na nini? Niandikieni. Nasoma polepole kama ninavyoandika, ila nitajibu. Mwenye aibu kama mimi aweke mbili na moja tu, nitaelewa.