Jina Lililokuwa Halijatangazwa

Nilikuwa nabangua korosho barazani kwa mama mkwe, kijijini Mtawanya, wifi yangu alipotoka ndani akanishika mkono.

"Wifi, vidole vyako!"

Nikavitazama. Mafuta ya maganda yalikuwa yamenibabua, ngozi inatoka. Sikuwa nimehisi kitu. Mtoto wangu alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, kabla hata ya siku ya saba, na mume wangu alikuwa amesharudi kazini Madimba. Watu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Sikuwa na kitu ndani cha kulia nacho.

Wifi ndiye aliyeniandikisha darasa la kompyuta mjini, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mwalimu alikuwa binti wa mwenye duka, Mhindi mzaliwa wa Mikindani, mpole, asiyeuliza maswali mengi. Alitufundisha kutengeneza kurasa za mtandao, zile zinazomjibu mtu. Nilipenda, kama huko ndiko kupenda, kwamba kompyuta haikunipa pole. Ukisahau kufunga mabano inakataa. Ukiyafunga inakubali.

Siku moja tukaandika ukurasa wenye kisanduku na kitufe. Mtu anaandika jina lake kisandukuni, anabofya, ukurasa unamkaribisha. Wangu ukagoma asubuhi nzima, kumbe nilikosea herufi moja. Nikarekebisha.

"Haya dada, jaribu," mwalimu akasema. "Weka jina lolote."

Vidole vikaandika jina la mwanangu. Tulikuwa tumelichagua mimi na baba yake, tukingoja siku ya saba tulitangaze. Nikabofya. Ukurasa ukaandika, *Karibu*, na jina lile likafuata.

"Jina zuri," mwalimu akasema. "La nani?"

"La mwanangu."

"Ana umri gani?"

"Alifariki."

Chini, muuzaji alikuwa akipima kitambaa huku akibishana na mteja juu ya rangi. Mwalimu akavuta kiti, akaketi karibu yangu.

"Ukifunga ukurasa, hilo jina linapotea," akasema taratibu. "Kuna namna ya kulihifadhi. Ni ya somo la mbele, lakini naweza kukufundisha sasa. Unataka?"

Nilifikiri nitalia. Nikasubiri. Halikuja chozi.

"Hapana, mwalimu. Tuendelee na la leo."

Akanifundisha kubadilisha rangi ya kitufe.

Mume wangu aliporudi kwa mapumziko nilimweleza habari ya lile jina, tukiwa tunakula. Aliacha kula.

"Ulilisoma kwa sauti?"

"Hapana. Lilitokea tu."

Akainuka akatoka nje, nikamsikia analia nyuma ya jiko. Nilitoa vyombo, nikaviosha, kisha nikaenda nikakaa naye, nimeegemea bega lake.

Darasa nililimaliza. Siku hizi natengenezea kurasa nyumba za wageni za Mikindani. Mama mkwe huwaambia jirani kwamba nimepoa. Simbishii.