Napokea na Hesabu za Dozi

Chuo kizima cha uuguzi kilimwita Napokea. Jina lake halisi lilibaki kwenye orodha ya mahudhurio, na huko nako halikutiwa tiki mara nyingi. Alipachikwa jina hilo mwaka wa kwanza, siku mkufunzi alipotangaza jaribio la ghafla. Wenzake waliguna. Yeye aliinua mikono, akafumba macho na kusema kwa sauti, "Mia kwa mia, napokea!"

Alipokea kumi na tisa.

Hakuwa mjinga, na wala simsingizii uvivu, maana kwa kufunga na kuomba alikuwa na bidii ya mchwa. Juu ya kitanda chake bwenini aliandika MUUGUZI BORA kwa wino mwekundu. Kitabu cha hesabu za dozi alikitia chini ya mto, akakilalia muhula mzima. Kitabu kilibonyea, kichwa kikabaki vilevile.

Mtihani wa dozi ulipomwangusha mara ya kwanza, alisema ni kazi ya adui. Ulipomwangusha mara ya pili, adui alipewa likizo: sasa yalikuwa mapenzi ya Mungu, na yeye alikuwa ameyakubali. Alikwenda kumweleza hivyo dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao afariki. Dada alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kujibu.

"Umekubali nini hasa?"

"Hali, dada. Kuna mambo unamwachia Mungu."

"Mungu ndiye aliyeandika kwamba elfu moja kugawa kwa nne ni mia nne?"

"Dada, imani..."

"Mimi nikikosea kiuno cha mteja, simwambii avae kwa imani. Nafumua."

Napokea aliondoka amenuna, akamwombea dada yake moyo laini.

Wiki iliyofuata walipelekwa wodini kwa mazoezi. Aliyewasimamia alikuwa sista mmoja mfupi, muuguzi mkuu wa wodi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Alimkabidhi Napokea cheti cha mzee wa kitanda cha sita, fundi wa kuchomelea vyuma aliyelazwa kwa kidonda cha mguu. Daktari aliandika nusu mililita. Napokea aliisoma sifuri nukta tano, nukta ikamponyoka, akavuta mililita tano kamili kwenye bomba la sindano. Alikwenda kitandani akitabasamu, midomo ikicheza kwa dua.

Mzee alilitazama bomba, akamtazama na yeye.

"Kijana, hiyo yote ni yangu?"

"Pokea uponyaji, baba."

Mkono wa sista ulimkamata kwenye kifundo, sindano ikiwa imebakiza kidole kimoja kuifikia ngozi. Hakupiga kelele. Alilichukua bomba, akalimwaga mbele yake, kisha akasema polepole, "Ungemuua."

Napokea alijifungia kwenye chumba cha mashuka. Alijaribu kuomba, lakini kila alipofumba macho alimwona yule mzee akikunja mkono wa shati lake, amemwamini kabisa. Sista alipofungua mlango, alimkuta ameketi sakafuni, analia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Sista, wewe si unasali? Nakuonaga kwenye kikundi cha maombi, kiti cha mbele."

"Nasali kila siku kabla ya zamu. Halafu nahesabu. Mungu hajawahi kulalamika kwamba nimemwingilia." Akamtupia taulo. "Futa makamasi. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe hapa, na kalamu."

Kwa miezi miwili alifika kila asubuhi. Sista alimpa hesabu kumi nyuma ya chati kuukuu za joto la wagonjwa, na kila kosa lilizaa kumi nyingine. Kuna siku alifikisha hamsini, akaapa kwamba anaacha chuo akauze viatu. Kesho yake akaonekana tena mlangoni, macho mekundu, kalamu mkononi. Mtihani wa tatu, uliokuwa wa mwisho kwake, alipata sitini na moja, akafaulu.

Jumapili ile alisimama kwenye kikundi cha maombi kutoa ushuhuda. Alianza na ndoto, akapita kwa malaika, akamaliza na mkono usioonekana ulioiongoza kalamu. Hesabu za saa kumi na mbili na nusu hakuzitaja hata kwa bahati mbaya. Watu walikuwa wanapangusa machozi sista aliposimama kiti cha mbele na kuvaa miwani yake.

"Mtoto ana kilo kumi na sita. Dawa ni miligramu tano kwa kila kilo. Utampa ngapi?"

"Themanini," alijibu Napokea kabla hata hajavuta pumzi.

"Amina," alisema sista, akaketi.