Jina, Nukta, Harusi

Shangazi yangu anashona magauni ya harusi. Wajina wake, mama mmoja wa upande wa pili wa mji, anauza majeneza, na ndiye aliyewahi kulichukua jina lao kule mtandaoni. Basi ukiandika jina la shangazi kwenye simu, unaletewa majeneza, yamepangwa yanang'aa. Bibi harusi gani atabaki hapo? Na wafiwa nao, wakipewa namba kwa jina tu, humpigia shangazi. "Umekosea," anawaambia, anakata, kisha anasonya. Hata leo asubuhi kuna baba mmoja alikatiwa hivyo hivyo.

Sasa tumesikia anwani za mtandao zimeongezewa mikia mipya, wenye majina yanayofanana wasigombane tena, kila mtu achague mkia wake. Shangazi akachagua harusi. Nikamwita mchora mabango, nikamtajia polepole kama ninayemsomesha: jina, nukta, harusi. Nikaenda kununua uzi. Kurudi, bango limeshakauka, na katikati, badala ya kitone, kwa herufi nyekundu: NUKTA.

"Si ulisema nukta?" akaniuliza.

Nilisema, ndiyo. Watu wengine watakuua kwa presha.

Kumbe mama wa bibi harusi, mwenye wasimamizi wanane wa kuvalishwa, alikwishapita akalipiga picha, akaahidi kutazama kazi zetu mtandaoni. Kazi hiyo ikitupita, shangazi anarudisha ufunguo wa chumba cha kushonea mwisho wa mwezi. Alinisema mimi, akamsema baba yangu, akaumaliza ukoo mzima, akasahau kuwa ni wake.

Jioni yule mama akaingia mwenyewe, anacheka. "Nimeandika na hiyo nukta yenu, hakuna kitu. Nikaandika jina peke yake, nikaona majeneza, nikapiga hivyo hivyo. Mwenyewe akaniambia wa nguo ni wajina wake, akanielekeza mpaka mlangoni. Anasema kila anayeulizia nguo humleta huku. Amekusalimu sana. Anasema na wake wakipotelea kwako, uwaelekeze."

Shangazi akachukua futi, akaanza kumpima. Alipofika kiunoni mikono ikasimama.

"Lete simu," akaniambia. "Yule baba wa asubuhi, aliyeulizia jeneza la mtoto. Namba yake bado ipo?"