Jina Nililoliandika

Wiki tatu za kwanza nilidhani yule bibi ananiona mwizi. Nikibisha hodi, ananichungulia kwenye kitundu cha mlango na kuniuliza kama nimekuja peke yangu, na ni nani nimepanda naye lifti. Akishanifungulia, anafunga kufuli zote tatu, anarudi kwenye kiti chake kinachotazama mlango, na mkoba ameupakata. Mimi nami si mtu wa kuamini upesi. Nikiambiwa chai ina sukari, naonja kwanza. Basi tukawa tunaviziana, yeye na mkoba wake, mimi na dekio langu, ghorofa ya kumi na moja huko Agincourt, mtaa wa Toronto.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Natoka Malvern asubuhi, napanda mabasi mawili, naogesha, napika, napiga deki, narudi. Kabla ya Kanada nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu Tanga. Vyeti vyangu hapa havikumshtua mtu, lakini mwandiko nilikuja nao na ukabaki mwandiko. Nasema hili mapema kwa sababu mwandiko huo ndio ulioniponza.

Siku ya kwanza kumwogesha niliona goti lake la kushoto limekaa upande. Nikamuuliza kama alianguka. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, changu cha Tanga na chake cha Ayalandi, kila mmoja akimvumilia mwenzake.

“Nondo,” akasema. “Walikuwa wawili. Nisugue mgongo, mama, maji yanapoa.”

Hadithi yote niliipata kwenye boksi la magazeti ya zamani chini ya kitanda, maana nilipekua, sikatai. Alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu kwao. Aliwaandika wakubwa wa dawa za kulevya wakati wengine wanawaandika wacheza mpira. Aliandika shehena inaingia lini, inafichwa wapi, nani anakula na nani. Wakachoma gari lake. Akaandika. Wakamvunja goti kwenye maegesho ya ofisi yake. Akaandika na bendeji. Mwishowe mahakama ikamtaka amtaje mtu wa ndani aliyekuwa akimpa habari, akakataa, akalazwa rumande, akatoka bila kumtaja. Nilikaa sakafuni na magazeti yale mapajani nikaona haya kwa ule mkoba niliokuwa nikiusimanga moyoni.

Lakini nilipomkuta mimi, akili ilikuwa imeanza kumtoka. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Siku nyingine ananiambia gari la bluu kule chini limerudi tena. Nachungulia dirishani, na gari la bluu lipo kweli, la jirani anayeuza sambusa.

Desemba ilikuja kadi kutoka Ayalandi, nikamsomea. Mwanamke ameandika kuwa bado anapalilia bustani yake, ila mgongo unamsumbua, na chini ameweka jina lake kamili na namba ya simu. Bibi aliisikiliza mpaka mwisho, akaichukua, akaitia mkobani na kuufunga zipu.

Sasa, kampuni yetu ina daftari. Linakaa kwenye meza ndogo karibu na mlango ili mtunzaji wa zamu ijayo ajue mgonjwa kala nini, kalala vipi, kasema nini. Msimamizi alikuwa amenigombeza kwa kuandika kidogo. “Andika kila kitu,” aliniambia, kama vile nami ni wa darasa la tatu. Nikasema sawa, utaona. Kuanzia hapo niliandika kila kitu.

Jumanne moja ya Mei, nikimchana nywele, bibi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Aliyeniambia alikuwa yule msafishaji wa nyumba yao. Walichunga mlango, walichunga simu, hakuna aliyemchunga mwenye dekio.” Akataja jina. Kisha akasema, “Usimwambie mtu.”

Mimi nilichukulia ni maneno ya ugonjwa, kama gari la bluu. Nikamwomba alirudie jina ili nisilikosee. Akalirudia. Nikaliandika lote, la kwanza na la ukoo, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, na chini yake nikaongeza: “Amesema nisimwambie mtu.” Mwalimu mzima.

Wiki iliyofuata akaanza kuja yule mgeni. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, koti safi, keki mkononi. Alisema anaandika kitabu kuhusu maisha ya bibi, na kwamba mpwa wa bibi amemruhusu. Nilimpigia mpwa, akakubali kuwa aliongea na mtu kwa simu. Mgeni alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikazidi kumshuku. Mzungu wa kuvua viatu bila kuambiwa amefundishwa na mtu, au anataka kitu. Na keki yake mwenyewe hakuionja.

Jioni nilimweleza binti yangu. “Mama, relax,” akasema bila kuinua macho kwenye simu. “Ni mzee tu anaandika book.”

“Mwandishi gani haulizi mtu alizaliwa wapi?”

Maana hakuuliza. Hakuuliza shule, wala mume, wala tuzo zilizojaa vumbi ukutani. Kila alipokaa, maneno yalizunguka yakarudi palepale: nani alikuwa anakuambia? Bibi alimtazama, akamtazama, akaomba chai. Naapa hakumwambia kitu. Ugonjwa ulimsahaulisha hata kifo cha dada yake, lakini mbele ya mtu yule mdomo wake ulijifunga wenyewe.

Alipokuja mara ya tatu, nilikwenda jikoni kuchemsha hiyo chai. Niliporudi na sinia, bibi alikuwa amesinzia, na mgeni amesimama kwenye meza ndogo karibu na mlango. Daftari liko wazi, na ukurasa si wa siku ile.

“Una mwandiko mzuri,” akaniambia.

Hapo ndipo yalipokutana kichwani mwangu: jina la Jumanne ile na jina lililokuwa kwenye kadi ya Desemba. Nikaliweka sinia chini.

“Huyu msafishaji,” akasema, “bado yu hai?”

“Alishakufa,” nikamjibu. “Zamani. Bibi anasahau.”

Akavaa viatu vyake, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa. Bibi alifumbua macho mlango ulipofungwa. “Amepita ngazi au lifti?” akauliza. Nikamwambia lifti. Nilikata ule ukurasa nikauchanachana, na msimamizi nikamwambia chai ilimwagika. Namba aliyoniachia yule bwana nilipoipiga haikupatikana tena. Huenda alikuwa mwandishi kweli. Huenda baba yake ndiye mwenye nyumba ile iliyokuwa ikisafishwa. Sijui mpaka leo, na kutokujua huko kumenikondesha.

Kesho yake bibi alipolala baada ya chakula, nilifanya nililoapa sitalifanya: nilifungua mkoba wake. Nikatoa kadi, nikapiga simu Ayalandi.

Alipokea mwanamke mzee, sauti kavu. Nikamweleza mimi ni nani, na kwamba kuna mtu amepata jina lake, asikae peke yake, aende kwa watoto wake, awaambie polisi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Hakuuliza mtu huyo yukoje, wala yuko wapi.

“Kwa hiyo mwishowe alinitaja,” akasema.

Miaka yote ile. Lile goti, rumande, kufuli tatu. Nilimtazama bibi kwenye kiti chake, mdomo wazi, shali imemteleza begani.

“Hapana,” nikasema. “Hakukutaja. Ni mimi. Niliona jina lako kwenye kadi, nikaliandika kwenye daftari la kazi. Kosa ni langu peke yangu.”

“Una hakika?”

“Wallahi hakukutaja.”

Akauliza nimesema nini. Nikamwambia ni kiapo cha kwetu, na hakichezewi.

Nikasikia anapenga kamasi. “Nilijua,” akasema. “Siku zote nilijua hawezi.” Akaniambia atakwenda kukaa kwa mwanawe siku hiyohiyo, akanishukuru, akakata simu.

Nilifunga saumu siku tatu, kafara ya kiapo kile cha uongo, mwezi wa Juni, ambapo Toronto jua linazama saa tatu usiku, na mimi niko kwenye mabasi mawili midomo imenikauka. Kwa lile jina niliomba msamaha kila sala. Kwa kile kiapo nilifunga tu, na sijakijutia.